Msalaba gani wa darubini ya bunduki kwa pori gani? Wawindaji wenye vibali tukutane hapa

MsakaNyayo (mleta uzi, Handeni)

Salaam wakuu.

Julai inabisha hodi, msimu unafunguliwa, na swali ninaloletewa faragha ni lile lile: "Kaka, darubini yenye msalaba wa namna hii itafaa?" Wanaouliza wengine ni vijana wenzangu wa kambini, wasaka nyayo na wasaidizi wa wawindaji bingwa, ambao mgeni akishuka na bunduki yake wao ndio wanaombebea na kumkalisha sawa kwenye miti ya kuegemezea. Wengine ni ndugu zetu wa Tanga walioko Marekani, wanawinda kulungu kule kwa vibali vyao. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa.

Kwanza la sheria, tusipotezeane muda. Huna leseni ya silaha wala kibali cha kuwinda? Soma kama burudani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani, na Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ukikutwa mle na bunduki hakuna atakayekuuliza msalaba wako ni wa aina gani.

Haya. Msalaba ni ile mistari unayoiona ukiweka jicho kwenye darubini. Zamani ilikuwa nyuzi kweli kweli, hata za buibui. Siku hizi ni waya mwembamba au imechorwa juu ya kioo. Watu wanakosea kuuchagua kwa sababu wanauchagulia dukani, chini ya taa, wakilenga ukuta mweupe wa jengo la ng'ambo ya barabara. Pale hata unywele unaonekana. Pori la Handeni halina ukuta mweupe.

Msimamo wangu nausema mapema. Anayechagua msalaba ni pori, na linachagua kwa mambo mawili: linakuruhusu kumwona mnyama kwa umbali gani, na nyuma ya ule mstari kuna rangi gani. Wingi wa alama unakuja baadaye sana, na kwa wengi wetu hauji kabisa.

Chukua nyika yetu, kutoka Handeni kuelekea Kilindi, miiba na vichaka. Tandala mdogo humwoni mzima. Unaona sikio, unaona kipande cha mstari mweupe wa ubavuni, kisha mguu ambao huna hakika ni wake au ni shina. Mita 40, mita 60, ukibahatika 90. Msalaba wa nywele mbili nyembamba hapo unageuka kuwa kijiti kimoja zaidi katikati ya vijiti elfu. Unachotaka ni mikono minene. Kuna dupleksi, ile Leupold waliyoileta 1962 na sasa kila kiwanda kina ya kwake: mikono minne minene inatoka pembeni, ikikaribia katikati inakuwa myembamba. Hata nywele za katikati zikikupotea, ile mikono inakuonyesha katikati ni wapi. Kuna na ya Kijerumani namba 4, ambayo kwa kichaka mimi naipenda zaidi: nguzo tatu nene, kushoto, kulia na chini, juu pameachwa wazi.

Ukitoka kichakani ukaingia mbuga ya majani mafupi, kongoni anasimama mita 200 au 250 na kukutazama kama anakudai. Hapo nguzo nene zikikaribiana mno zinamfunika. Unataka katikati pawe pembamba na pawe na nafasi. Dupleksi ya kawaida bado inatosha. Zile alama za ngazi chini ya katikati, za kuonyesha risasi inaangukia wapi kwa mita 300 na 400, zinaanza kuwa na kazi hapa, si kabla.

Msitu wenye kivuli na mnyama mweusi ni habari nyingine, nawaachia wazee waje. Nawasilisha.

ChanguMkubwa (Tanga mjini)

Siti ya mbele kabisa. Gobore la marehemu babu lina kifundo kimoja mbele cha kulengea na dua nyingi nyuma. Endeleeni wakuu, najifunza.

KijanaWaNgamiani (Pennsylvania, Marekani)

Mgosi MsakaNyayo, umenikumbusha nyumbani. Niongezee ya huku, maana watu wanadhani Marekani yote ni tambarare ya kupiga mita 400.

Pennsylvania ni misitu. Msimu wa raifo kwa kulungu wa mkia mweupe unaanguka mwisho wa Novemba kuingia Desemba. Majani yameshapukutika, pori zima ni kijivu: miti kijivu, ardhi kahawia, na kulungu naye kwa wakati huo amevaa manyoya ya kijivu-kahawia. Nakaa chini ya mwaloni na fulana yangu ya rangi ya chungwa inayong'aa, hiyo ni lazima kisheria ili wenzako wasikupige. Anapotokea yuko mita 50, 70. Kwa hiyo kwa umbali, msitu wa huku ni ndugu wa nyika ya Handeni kabisa.

Tofauti ni mwanga. Sheria ya huku inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na dume mkubwa anapenda kutembea kwenye hizo nusu saa mbili. Dupleksi ya mistari myembamba ina dakika ambazo mnyama unamwona vizuri ila mistari huioni. Inaudhi mno. Ndiyo sababu nimehamia msalaba wenye nukta ya taa katikati, nukta ndogo tu, naiwasha kwa kiwango cha chini kabisa.

Nina shemeji Texas. Wao wanakata njia ndefu zilizonyooka katikati ya vichaka vya miiba, wanakaa juu ya kibanda, kulungu anavuka njia mita 100, 150, wakati mwingine zaidi. Yeye ana dupleksi ya kawaida na hajawahi kutaka kingine. Wenye haki ya kusumbuka na ngazi za alama ni wa kule magharibi, Wyoming na majirani zake, kwenye nyanda na mabonde wanakowinda kulungu mwenye masikio makubwa kama ya punda. Huko mita 300 ni jambo la kawaida.

KitakoKigumu (Arusha)

Heshima kwenu, lakini hapa nawapinga. Mnawafundisha watu kubaki nyuma. Mimi nina msalaba wa mti wa Krismasi: alama za mili (kipimo cha pembe) kwenda chini, na kila hatua ina matawi ya kushoto na kulia kwa ajili ya upepo. Naujua umbali kwa leza, nasoma upepo, naweka alama inayohusika, nafyatua. Hakuna kubahatisha. Na kwa mita 50 natumia katikati tu, alama nyingine nazipuuza. Taarifa nyingi haijawahi kumdhuru mtu.

Halafu mili ni hesabu safi kwa sisi wa mita. Mili 1 ni sentimita 10 kwa mita 100. Mbofyo mmoja wa kitufe cha kurekebishia, wa mili 0.1, ni sentimita 1 kwa mita hizo hizo. Kifua cha kulungu wa huko Marekani kutoka mgongoni hadi chini ni kama sentimita 45. Akijaza mili 1.5 kwenye msalaba, 0.45 mara 1000 gawa kwa 1.5, yuko mita 300. Hata leza ikizima betri unajua.

MsakaNyayo

KitakoKigumu, hesabu yako ni sahihi na sijaipinga. Kwa shabaha ya chuma na kwa nyanda za Wyoming uko sawa, nakupa na mkono. Ila mti wa Krismasi ulete kichakani huku tuone.

Jambo la kwanza ni muda. Tohe akiruka kutoka majanini anakimbia, anasimama, anageuka nyuma kuangalia. Hapo una pumzi moja au mbili. Jicho likikuta msitu wa alama mbele ya msitu wa matawi, linaanza kusoma badala ya kulenga. Nimesimama nyuma ya wageni na kuona mtutu unatangatanga huku mnyama amesimama wazi, na mwindaji bingwa ananong'ona "sasa, sasa", na mgeni bado anatafuta ni alama ipi.

La pili, na hili ndilo watu wengi hawaambiwi wakati wa kununua. Misalaba iko ya namna mbili. Kuna unaokua ukiongeza ukuzaji, na kuna usiokua, unabaki unene ule ule machoni mwako. Ule unaokua una faida moja kubwa: alama zake ni za kweli kwa ukuzaji wowote, ndiyo maana wenye mili wanaupenda. Lakini kichakani unashusha ukuzaji hadi mara 3 ili uone pana, na ule msalaba nao unasinyaa. Ule mti wako wa Krismasi kwa mara 3 ni uchafu mdogo katikati ya kioo. Yaani pale pale unapouhitaji mnene ndipo unapokonda.

Usiokua una ugonjwa wake. Alama zake ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Una darubini ya mara 3 hadi 9, umeshusha hadi 4.5, ukitumia ile alama ya mita 300 umeharibu, kwa sababu pale inafunika mara mbili ya ilivyokusudiwa. Risasi inapita juu ya mgongo na mnyama anaondoka akikucheka. Kwa hiyo mwenye ngazi za alama kwenye msalaba usiokua ajiwekee sheria: alama ya pili na kuendelea haiguswi mpaka ukuzaji uwe juu mwisho.

Wazungu wa Ulaya kwa desturi walizoea unaokua, Wamarekani usiokua. Zile namba 4 za Kijerumani za zamani pengo kati ya nguzo mbili za pembeni lilikuwa linafunika sentimita 70 kwa mita 100, na kale kapaa kao kadogo ka huko Ulaya mwili wake ni karibu na hapo. Akijaza pengo, yuko mita 100. Akijaza nusu, yuko 200. Nguzo tatu, hakuna ngazi hata moja, na umbali unaujua. Huo ndio msalaba uliofikiriwa.

DadaMiwani (Chumbageni)

Samahanini kaka zangu, mimi si mwindaji, kazi yangu ni macho na miwani. Mume wangu kaniletea uzi huu nikashindwa kukaa kimya, kwa sababu mnazungumzia mistari kana kwamba macho yote ni sawa.

Mboni ya kijana gizani inaweza kufunguka hadi kama milimita 7. Umri ukienda inafunguka kidogo, wengi wakifika miaka 60 haifiki hata 5 au inaishia hapo. Sasa chukueni kipenyo cha lenzi ya mbele ya darubini, mkigawe kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 kwa mara 9 inawapa duara la mwanga la milimita 4.4 linaloingia jichoni. Kwa mara 5 ni milimita 8, zaidi ya mboni za wengi wetu zinavyoweza kupokea. Kwa hiyo anayelalamika kwamba jioni mistari haionekani, kabla hajanunua nyingine apunguze ukuzaji kwanza. Mzee wa miaka 60 anayebeba lenzi kubwa ya milimita 56 kwa mara 8 anabeba uzito ambao mboni yake haiutumii wote.

La pili, hizo nukta za taa. Mwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) isiyo na mviringo sawa, na mko wengi tu hamjapimwa, akiangalia vile vidude vya nukta nyekundu visivyo na ukuzaji anaona nukta ina mkia au imegawanyika kama shada la zabibu. Anadhani kifaa kibovu, anarudi kugombana na muuza duka. Msalaba uliochorwa kwenye kioo kwa kawaida haumsumbui hivyo, na pete ya nyuma, ile ya upande wa jicho, inasaidia kunoa mistari ingawa konea yenyewe hairekebishi. Mtu wa hivyo avae miwani yake au achague mistari, si nukta.

Na hiyo pete ya nyuma, tafadhalini, itumieni. Elekezeni darubini kwenye anga tupu, si kwenye jua. Funga macho, fungua, tazama haraka. Mstari usipokuwa mkali papo hapo, zungusha kidogo, funga tena. Ukikodoa macho kwa muda mrefu jicho linajilazimisha lenyewe na utadhani umeshapata. Wanaume mnapenda sana kukodoa.

ChanguMkubwa

Dada kamaliza uzi. Mnaokodoa mmeambiwa.

MgosiMuheza (Muheza)

Naomba msaada wa haraka. Nina shamba la mahindi na muhogo, nguruwe pori wananimaliza usiku. Nina shotigani yenye leseni. Nikifunga darubini yenye nukta ya taa nitawaona?

MzeeWaPangani (bwana nyama mstaafu)

Mwanangu, usiku usiguse. Kuwinda usiku ni kosa, na leseni ya silaha si kibali cha kuua mnyama wa porini. Nenda serikali ya kijiji, wao wapeleke taarifa wilayani, atumwe askari wa wanyamapori. Najua wanachelewa, nilikuwa mmoja wao, na lawama hizo nimezila sana. Lakini bora mahindi kuliko kesi. Na nukta ya taa haimuliki chochote, kijana. Inawaka ndani ya darubini tu. Nguruwe asiyeonekana kwa jicho hataonekana kwa nukta.

Nikiwa hapa niseme la mnyama mweusi ambalo mleta uzi ameliacha.

Nyati dume aliyesimama chini ya mti saa nane mchana ni kipande cha usiku. Palahala dume naye vile vile, mweusi tii. Ukiweka mstari mweusi juu ya bega jeusi ndani ya kivuli cheusi, hujaweka kitu. Watu wanafikiri taa ya msalaba ni ya machweo. Kwa hapa kwetu kazi yake kubwa ni mchana, kwa nyati wa kivulini, na inatakiwa iwe nukta yenye nguvu ya kushindana na jua la mchana. Nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya machweo ya Ulaya mchana hazionekani kabisa. Anayeleta ya hivyo aijaribu saa sita, nje, akilenga kitu cheusi, kabla hajapanda gari.

Na machweo yenyewe, wanetu mlioko ughaibuni mmeshasahau yalivyo Tanga. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua likizama, dakika 20 na kidogo umebaki na taa. Ujerumani wakati wa kiangazi mwanga ule unajivuta zaidi ya dakika 40, ndiyo maana wenzetu wale walitengeneza nguzo nene na lenzi za milimita 56, wanakaa juu ya ngazi zao wakisubiri paa atoke msituni mwanga ukififia. Anayenunua darubini nzito ya machweo kwa ajili ya Tanga ananunua dakika ambazo hatuna, na nyingine haziruhusiwi.

Kwa nyati mimi ningesema ukuzaji mdogo, mara 1 hadi 4 au 1 hadi 6, nguzo nene, nukta. Kaliba isipungue .375, hilo linajulikana. Na bunduki hiyo inarudi nyuma kwa nguvu, darubini ikae mbali na jicho, sentimita 9 au zaidi. Nimeshona nyusi za wageni mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Ila mkinibana nitasema ukweli wangu: kwa nyati wa kichakani, kifundo cha mbele na mwanya wa nyuma, bila darubini. Hakina betri.

KitakoKigumu

Mzee shikamoo. Kwa nyati nimekuelewa na nanyamaza. Lakini kwa swala na kongoni wa mbugani bado mnamwambia mtu abahatishe kwa kulenga hewa juu ya mgongo?

MsakaNyayo

Mzee Pangani, shikamoo, asante kwa elimu. KitakoKigumu, habahatishi, na hilo la kulenga hewa ndilo nilitaka tulifikie.

Chukua bunduki ya .30-06, risasi ya kawaida ya gramu 11.7, inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Ukiipiga zero mita 200, yaani igonge pale pale unapolenga kwa umbali huo, kwenye mita 100 inapita kama sentimita 6 juu ya katikati, kwenye 300 imeshuka sentimita 25 hadi 30. Sasa fikiria eneo la moyo na mapafu la kongoni. Kutoka mwanzo hadi mita 200 na zaidi kidogo unalenga pale pale, bila alama, bila hesabu, msalaba wowote ulio wazi machoni. Mapori mangapi ya mkoa huu yanakuonyesha mnyama aliyetulia zaidi ya hapo? Na akiwa mita 300, mwindaji bingwa anayejua kazi atakwambia tusogee, na sisi wasaka nyayo tutakusogeza. Kusogea ndiyo uwindaji wenyewe.

Kwa anayewinda nyika ya vichaka tu, hata zero ya mita 100 inatosha, utakuwa na kazi moja tu ya kukumbuka.

Anayesisitiza ngazi za alama, sawa, lakini asiiamini karatasi ya kiwandani. Zile alama zilichorwa kwa risasi fulani, kasi fulani, urefu fulani wa mtutu. Badilisha aina ya risasi, "alama ya 300" inakuwa ya 270 au 330. Chukua boksi la sabuni, lipasue liwe ubao, chora mstari mnene wa wima na ukate vipande kila sentimita 5, lisimamishe mita 100. Weka katikati ya msalaba kwenye mstari wa juu, tazama kila alama inaangukia sentimita ngapi chini. Andika kwenye kipande cha plasta ubandike kwenye kitako cha bunduki. Halafu nenda ukapige kwa mita 200 na 300 za kweli, mahali panaporuhusiwa, ulinganishe. Ukimaliza hapo alama ni zako. Kabla ya hapo ni mapambo.

Na mbofyo na msalaba viwe lugha moja. Kuna darubini nyingi za zamani zenye nukta za mili ndani na mbofyo wa MOA, kipimo kingine cha pembe, nje. MOA 1 ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100, mili ni sentimita 10. Mtu anaona amekosea kwa nusu mili, anasimama kugawa na kuzidisha huku jasho linamtiririka.

KijanaWaNgamiani

Na milima je? Kuna jamaa wananialika Colorado.

KitakoKigumu

Hapo nipeni nafasi maana ni shule yangu. Kwenye mteremko risasi inashuka kulingana na umbali wa mlalo, si ule wa mshazari. Leza ikikwambia mita 300 na mwinamo ni nyuzi 30, wewe tumia alama ya 260. Haijalishi unapiga kwenda juu au chini, vyote viwili watu wanapitisha risasi juu. Leza nyingi za siku hizi zinakukokotolea. Kwa Colorado, ndugu yangu, ngazi za alama chukua. Hata MsakaNyayo hatakukataza.

MsakaNyayo

Sikukatazi. Colorado nenda na ngazi, ila ziwe chache, tatu au nne chini ya katikati, na mikono minene ibaki pembeni. Ukirudi Handeni kunitembelea, ushushe ukuzaji uzisahau.

Kitu kimoja cha mbugani mmekisahau nyote: joto. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi inachemka na picha inacheza. Ukiongeza ukuzaji unakuza na mchezo huo. Shusha hadi 5 au 6, mnyama anatulia.

ChanguMkubwa

Swali la kimasikini. Pesa ikiwa ndogo, ninunue kioo kizuri chenye msalaba wa kawaida au kioo cha kawaida chenye msalaba wa taa na ngazi?

MzeeWaPangani

Kioo. Hata usinipigie simu kuuliza tena.

DadaMiwani

Kioo. Namuunga mkono mzee.

KitakoKigumu

Kioo. Naona leo tumekubaliana kitu.

MgosiMuheza

Nimeenda kijijini kama mzee alivyosema, wameandika jina langu, tusubiri. Sasa la pili. Mjomba ana raifo yenye leseni na kibali cha msimu, darubini yake amefungiwa na fundi mmoja mjini, msalaba umelala kidogo upande wa kulia. Ukimwambia anasema haina neno.

MsakaNyayo

Kwa mita 60 hataona tofauti, ndiyo maana anasema haina neno. Kwa mbali risasi itaenda chini na pembeni, na akizungusha kitufe cha kupandisha itazidi kukimbilia upande. Mwenye ngazi za alama ndiye anayeumia zaidi, maana ngazi yake imeinama yote.

Dawa yake ni timazi ya fundi uashi. Kwanza chemba tupu, magazini nje, aangalie mara mbili. Bunduki ifungwe isimame wima kweli, isiegemee upande wowote. Timazi ining'inizwe mita 30 au 50 mbele, mahali pasipo upepo, kamba yake iwe nyeupe. Alegeze skrubu za pete, azungushe darubini polepole mpaka mstari wa wima ulale juu ya kamba, halafu akaze skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule kwa mshazari, kwa sababu akikaza upande mmoja moja kwa moja darubini itazunguka tena mkononi mwake. Akimaliza lazima apige zero upya.

MgosiMuheza

Timazi ipo, shemeji ni fundi. Skrubu zenyewe zina tundu la pembe sita, na moja fundi yule ameshaila.

MsakaNyayo

Iliyolika asiilazimishe na bisibisi. Apate ufunguo mpya unaoingia kwa kubana, apashe skrubu joto kidogo kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya, itaachia. Ikitoka aitupe, anunue seti nzima ya skrubu za pete zile. Tupia picha kabla hajaanza.